Mgeni anauza rejareja Kariakoo, amri ipo, taarifa nimepeleka, kimya. Nifanyeje?

Mtu wa Mabegi (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisikilize bila matusi, nimefika mwisho wa akili yangu.

Nina fremu ya mabegi Kariakoo, huu mwaka wa tisa. Mabegi ya shule, ya safari, na vipochi vya kina mama. Nina watoto watatu na fremu ndiyo inawalisha. Fremu ya tatu kutoka kwangu, upande uleule, yupo mgeni kutoka nje. Taifa lake silitaji maana si hoja yangu. Anauza mabegi yaleyale, na hauzi jumla tu. Ukitaka begi moja unauziwa moja, kwa bei ambayo mimi nachukulia mzigo. Begi la shule ninalochukua kwa 14,500 na kuliuza 17,000, yeye analitoa kwa hiyohiyo 14,500.

Ndani ana vijana wake wawili, Kiswahili chao ni "ngapi" na "hapana". Bei wanaandika kwenye kalkuleta, wanakugeuzia uisome. Visa zao ni za matembezi, najua ninachosema.

Tarehe 28 Julai 2025 serikali ikatoa amri: biashara 15 asifanye mtu asiye raia, na jumla na rejareja imo, ukiondoa supamaketi na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Siku ile nilimwambia mke wangu sasa tutapumua. Kilichobadilika ni hiki: ukaguzi ukikaribia, simu ya pale dukani inaita mara moja na kukatwa. Wale vijana wawili wanapanda ngazi kwenda stoo ghorofa ya tatu, kijana Mtanzania anatoka nyuma anakaa kaunta, kalkuleta inaingia kwenye droo. Wakaguzi wanafika, wanaangalia leseni ukutani, wanasaini daftari lao, wanaondoka. Dakika kumi hazipiti, kalkuleta imerudi juu ya meza.

Nimepeleka taarifa ofisi mbili, sizitaji. Ya kwanza waliniambia niandike barua. Nikaandika. Niliporudi kufuatilia nikaambiwa aliyeipokea amehamishwa. Ya pili afisa alinisikiliza vizuri, akabofya kompyuta yake, akanyamaza, kisha akaniuliza: "Una uhakika unataka hili jambo liende mbele?" Tangu siku hiyo silali.

Naomba ushauri, niende wapi tena? Naomba kuwasilisha.

Kiberenge

Pole sana mkuu. Sheria ya Uhamiaji ipo tangu 1995. Sheria ya kuratibu ajira za wageni ipo tangu 2015, na ndiyo inayotaka kila asiye raia awe na kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi. Amri ya mwaka jana ilikuja juu ya hizo zote. Hatuna upungufu wa karatasi. Tuna upungufu wa mtu wa kunyanyuka kwenye kiti.

Winga Mstaafu

Mimi nimekuwa winga pale miaka sita, acha niseme ukweli. Hao wageni ndio walionilisha. Nampeleka mteja dukani, mzigo ukitoka napewa changu juu kwa juu. Wenye maduka wetu walikuwa wanatuzungusha, mara njoo kesho, mara mteja hakununua. Mgeni alikuwa analipa palepale. Baadaye wakaanza kuita wateja wenyewe kwa simu, wanapiga picha mzigo, wanatuma mikoani, winga hana kazi. Mwaka jana nimerudi Tanga nalima. Kwa hiyo sijui nikuonee huruma au nijionee mwenyewe.

Mwana Njombe

Nyie mnalia Kariakoo, njooni huku kwenye parachichi. Kununua mazao shambani nako kumo kwenye orodha ya zile 15. Msimu ukifika unaona gari linaingia hadi chini ya mti. Mnunuzi kakaa kwenye gari, hashuki, anayeongea bei ni kijana wa kijijini kwetu. Ukiuliza unaambiwa mnunuzi ni huyo kijana. Huyo kijana juzi tu alikuwa anakopa sabuni kwangu.

Binti Pwani

Mleta uzi, umesema wakaguzi wanaangalia leseni ukutani wanaondoka. Hiyo leseni ina jina la nani?

Mtu wa Mabegi

Dada, hilo si msingi wa uzi. Msingi ni kwamba wanaofanya kazi mle ndani si raia na kila mtu anawaona. Mkaguzi mwenye macho hahitaji kusoma jina.

Binti Pwani

Ndiyo msingi kaka yangu. Amri imekataza kumpa au kumhuishia leseni asiye raia. Zilizokuwepo ziliachwa ziishe muda wake. Sasa kama pale ukutani ipo leseni na haijaisha, ama ni yake ya zamani, ama kuna Mtanzania amesimama mbele yake. Wewe una fremu ya tatu kutoka pale, umepaangalia hadi kalkuleta inaingia droo gani. Jina hujaliona?

Nyundo

Nimekaa paleee nasubiri jibu.

Wakili Mtaani

Nafanya kazi za sheria, kwa hiyo naomba niliweke sawa kabla hatujaenda mbali. Amri ile ina pande mbili. Asiye raia akikutwa anafanya biashara iliyokatazwa: faini isiyopungua milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na anafutiwa visa na kibali cha ukaazi. Upande wa pili watu hawausomi. Raia anayemsaidia naye ana kosa, faini milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Mleta uzi, swali la Binti Pwani lijibu kwa utulivu, au usilijibu kabisa. Lakini usijibu nusu.

Mtu wa Mabegi

Wakuu, nimezunguka nyumba mara mbili kabla ya kuandika hapa.

Leseni ina jina langu.

Naomba kabla hamjaanza povu mnisikilize. Mwaka 2022 nilikuwa nachukua mzigo kwake kwa mali kauli. Wakati ule alikuwa anauza jumla tu, stoo, na sisi wote wa mtaa ule tulikuwa tunachukua kwake. Nikapata msiba, nikauguza, mzigo ukalala, deni likafika milioni 18. Hakunitukana, hakuniletea polisi. Aliniita akanipa chai akasema: wewe una jina, mimi sina. Tukapatana nikate leseni, yeye aendeshe duka la jumla, na kila mwezi deni langu lipungue laki tatu. Leseni ikatoka Februari 2023, na kuanzia mwezi huo anakata. Tulikubaliana jumla tu. Yeye ndiye aliyevunja, akaingia rejareja mlangoni kwangu. Mngekuwa nyie mngefanya nini, mngeuza nyumba ya mama yenu?

Na sheria ya kunikataza mwaka 2023 ilikuwa wapi? Amri imekuja 2025.

Nyundo

Loh.

Mama Sauda

Mwanangu, mimi ni mtu mzima, nimeuza khanga Kariakoo kabla hujazaliwa. Sikulaumu kwa deni, deni humpata yeyote. Lakini umetuandikia uzi mrefu kwamba serikali imelala, na mlango aliopitia mgeni ufunguo unao wewe. Wenzako kumi na tano kwenye mtaa ule wanafunga maduka. Umewahi kuwaambia kwamba lile duka linalowaua ni lako kwa karatasi?

Mtu wa Mabegi

Mama shikamoo. Sijawaambia. Lakini mama, kama ofisi ingefanya kazi yake mara moja tu, ikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, ikawaona wale vijana wawili, mambo yangeisha bila mimi kutaja jina langu. Mimi nilichotaka ni hicho tu.

Kiberenge

Hapo sasa ndipo ninapokukatalia mkuu. Ulitaka sheria imkamate yeye na ikuruke wewe. Hiyo ndiyo sheria tuliyonayo tayari, na ndiyo unayoilalamikia.

Guangzhou Rudi

Naomba niingize kidogo. Nimekaa Guangzhou, mitaa ya Xiaobei, nikifuata mzigo. Kule ukifika na hukulala hoteli, ndani ya saa 24 lazima ujiandikishe polisi na mwenye nyumba anajua. Mara ya kwanza nilifikia kwa jamaa yangu nikapuuza. Siku ya tatu walikuja jioni, wakaomba pasipoti, wakaangalia tarehe ya kuingia, na aliyetokwa jasho kuliko mimi alikuwa mama mwenye nyumba. Alinifokea hadi nikamwonea huruma. Kesho yake alfajiri yeye mwenyewe kanishika mkono hadi kituoni. Mtaa mzima unaishi hivyo, mwenyeji anaogopa kuliko mgeni. Kwetu mwenyeji haogopi chochote, analipwa laki tatu.

Chuma cha Pua

Samahani wakuu, hii ni chai. Tena chai ya rangi, haina hata sukari.

Hesabuni wenyewe. Jamaa anasema alienda ofisi mbili kumshitaki mgeni. Leseni ni yake. Ina maana alitoka nyumbani, akalipa nauli, akaenda kujishitaki mwenyewe mara mbili? Na leseni ya biashara huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo kila mwaka alienda kwa miguu yake kuihuisha huku akilia kwamba mgeni anamuua. Akaunti yenyewe imefunguliwa Jumanne. Huyu katumwa, ama na wanaotaka kuwachafua wageni wote, ama ni mtunzi anapima upepo. Modi, funga uzi.

Winga Mstaafu

Dah, hata mimi niliona ile simu inayoita mara moja imekaa kisinema.

Mwana Njombe

Kama ni chai basi naomba ya kwangu ya parachichi iachwe, ile ni kweli kabisa.

Mtu wa Mabegi

Akaunti ni mpya kwa sababu ile ya zamani ina jina langu na namba yangu, na wateja wangu wananijua.

Ndugu Chuma, sikwenda kujishitaki. Kule ofisini sikutaja leseni. Nilitaja namba ya fremu na mtaa, nikasema kuna wageni wanauza rejareja. Nilidhani watatuma watu wakamate waliomo. Sikujua kwamba afisa akiingiza namba ya fremu kwenye kompyuta jina litatokea. Nilikuwa nimejitambulisha kwake kwa jina kamili dakika tano nyuma. Ndiyo maana alinyamaza. Ndiyo maana aliniuliza vile.

Kuhusu kuhuisha, ndiyo, nilihuisha 2024 na 2025, zote Februari. Kwenye leseni ya kwanza walikosea herufi moja ya jina la babu yangu. Nilipoenda kurekebisha, karani akaniambia "una duka zuri mzee, hongera." Nilisema asante. Ndugu yangu, maneno yale ninayasikia hadi leo nikiwa nafunga shata. Kama ninatunga ningejitungia kitu kisicho na aibu hivi.

Chuma cha Pua

Hmm. Endelea.

Binti Pwani

Mimi ninachojiuliza ni kuhusu huyo afisa. Jina kaliona, tatizo zima liko mbele yake mezani, mlalamikaji na mlalamikiwa wamekaa kiti kimoja. Kisha akakuuliza kama una uhakika, ukaondoka, yakaisha? Hakuna aliyekuita? Hakuna aliyepanda ghorofa ya tatu?

Mtu wa Mabegi

Hakuna. Miezi mitatu sasa.

Binti Pwani

Basi kosa lako ni lako, lakini hilo nalo si la kulifunika. Wengine watasema alikuonea huruma. Huruma ya afisa wa umma ndiyo imeliacha duka wazi, na wale wa jirani yako wanaendelea kufunga.

Mahesabu Hayadanganyi

Nasaidia wafanyabiashara kwenye mambo ya kodi. Milioni 5 ya faini isiwe ndiyo inayokukosesha usingizi. Nijibu moja: mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, ya lile duka imesajiliwa kwa TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya nani?

Mtu wa Mabegi

Yangu. Risiti wanatoa mara mojamoja, mteja akidai.

Mahesabu Hayadanganyi

Basi kila begi lililotoka mle tangu Februari 2023 kwa sheria umeuza wewe. Yaliyotolewa risiti ni mauzo yako, na yasiyotolewa risiti ni kosa lako. Mauzo yakivuka milioni 200 kwa mwaka ulitakiwa kusajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, na duka la jumla la Kariakoo linavuka hapo bila kutoka jasho. Siku akiona hali mbaya, yeye anapanda ndege. Hana leseni, hana TIN, hana mkataba wa fremu, hana deni lolote na serikali. Wewe ndiye utakayekutwa kaunta. Unajua mauzo yake ya mwezi?

Mtu wa Mabegi

Sijui. Sijawahi kuuliza.

Jirani wa Namanga

Mniwie radhi, mimi ni Mkenya na nimeusoma uzi wote. Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Arusha miaka minne. Nililipia kibali cha ukaazi daraja A, nikalipa leseni, nikalipa kodi, karatasi zote nilizibandika ukutani kama picha za harusi. Amri ikaja na kutengeneza simu kukawa kumo. Sisi tulidhani Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lililoanza Julai 2010, lingetulinda. Leseni ilipoisha sikuhuishiwa. Nilikunja meza yangu, nikagawa vioo na betri zilizobaki kwa vijana niliowafundisha, nikavuka mpaka nikarudi nyumbani. Sikupigana na mtu. Mwenzangu mmoja pale Arusha alikuwa tangu mwanzo anatumia jina la mwenyeji. Hana kibali, hana chochote. Yeye bado yuko, na wateja wangu wameenda kwake. Sheria yenu ilimpata aliyekuwa rahisi kupatikana, kwa sababu anwani yake ilikuwa kwenye faili.

Mama Sauda

Pole mwanangu wa Namanga. Hili limeniuma.

Nyundo

Mwanzoni nilikuja kucheka, sasa sicheki. Mleta uzi hiyo leseni inaisha lini?

Mtu wa Mabegi

Mwezi ujao. Ndiyo maana nimekuja hapa mwezi huu. Ameshanikumbusha mara mbili niende kuihuisha.

Wakili Mtaani

Hapo ndipo penye uzito. Ulipohuisha Februari mwaka jana amri haikuwepo, una la kujitetea. Ukihuisha mwezi ujao utakuwa umesaini ukiwa unajua, na uzi huu ni ushahidi kwamba unajua. Usihuishe. Pia usikimbilie kumripoti kwa jina la bandia huku leseni ikiwa yako. Kuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, lakini usiitegemee kabla hujakaa na wakili ana kwa ana na karatasi zako zote, leseni, TIN, mkataba wa fremu, na chochote mlichoandikiana kuhusu deni. Kama kuna afisa aliyeomba au kupewa kitu ili anyamaze, hilo ni la TAKUKURU, namba 113, simu ni bure. Mliandikiana?

Mtu wa Mabegi

Hatukuandikiana. Ana daftari lake, kila mwezi anapiga mstari.

Nisiwafiche, sehemu yangu moja bado inasema nihuishe mara moja ya mwisho, deni lipungue, halafu nijitoe. Yule kijana Mtanzania anayekaa kaunta ni mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye niliyemuingiza. Duka likifungwa naye yuko nje, na mama yake ananitegemea mimi nimuelezee.

Mama Sauda

Huyo kijana ndiye wa kwanza kumtoa, leo hii, kabla ya leseni na kabla ya deni. Ukaguzi wa kweli ukija siku moja, wale wawili watakuwa juu stoo, na atakayekuwa amekaa kaunta ni mtoto wa dada yako.

Chuma cha Pua

Mkuu, nafuta neno chai. Mtoe huyo dogo.

Mtu wa Mabegi

Narudi na mrejesho, siku nne baadaye.

Dogo nimemtoa Ijumaa. Nimemwambia dada ukweli wote, hajanisemesha tangu hapo. Yuko fremuni kwangu anapanga vipochi, mshahara nitaujua mwisho wa mwezi.

Leo asubuhi niliingia pale kabla hawajafungua vizuri. Nilimwambia mzee mwenyewe, kwa Kiswahili taratibu, kwamba mwezi ujao sihuishi. Nilidhani atapiga kelele. Hakusema kitu. Alivuta droo, akatoa kalkuleta, akabonyeza, akanigeuzia.

7,200,000.

Nikamwambia nitalipa. Akabonyeza tena, akanigeuzia. Aliandika 31.

Siku 31 wakuu. Na wakati natoka mlangoni nikakutana na mtu anaingia, mwenye fremu ya mbele yetu, anauza mikanda. Ana deni kwake kubwa kuliko langu, mtaa mzima unajua. Alikuwa ameshika bahasha ya kaki na kitambulisho chake cha taifa.

Wakili Mtaani

Mkuu, usiandike kingine hapa. Njoo inboksi sasa hivi. Na huyo wa mikanda mpigie kabla ya saa sita.